Mkanda wa Umeme Uliomo Sandukuni Mwako

Kathure, binti yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Karurumo kumuaga nyanya yako, na tangu saa nne nyumba hii iko kimya. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula nikiwa na kalamu na karatasi za kutosha. Nimeamua kuandika kwa sababu najijua. Nikianza kusema kwa mdomo nitageuka mwalimu tena, na safari hii sistahili kumfundisha mtu.

Kesho unaondoka kwenda Eldoret kusomea uuguzi. Mambo ya blanketi, ya kufunga mlango wa chumba, ya kutokopesha wenzako nguo, mama yako ameyasema mara nyingi mno hata ng'ombe anaweza kuyarudia. Mimi sitayarudia. Nataka kukuandikia juu ya mkanda.

Najua umo sandukuni mwako, umeuzungushia sweta ya kijani ya shule. Sikupekua. Jumamosi ulikuwa ukifua nguo nyuma ya jikoni, simu umeiweka juu ya jiwe ikiwa kwenye spika, ukizungumza na binamu yako Wawira kwa sauti ya kusikika hadi zizini. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikimkatia ng'ombe nyasi.

"Ushapaki kila kitu?" Wawira aliuliza.

"Karibu nimalize. Hata ile mkanda nimeweka."

"Ile ya stima? Kathure, wewe ni mtu ama ni redio?"

Mlicheka nyote wawili. Kisha wewe ukaacha kucheka.

"Usinicheke. Bila hiyo kitu kichwa yangu ni sifuri. Hata leo asubuhi nilivaa."

"Sifuri gani, na ulishinda darasa yote?"

"Si mimi nilishinda. Ni mkanda ilishinda."

Nilibaki nimeinama na panga mkononi. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, nimewasikia watoto wakijidharau kwa namna nyingi, na kila mara nilijua la kuwajibu. Safari hii maneno uliyoyasema yalitoka kwangu. Mimi ndiye niliyeyapanda kichwani mwako, na niliyapanda kwa uongo.

Hilo ndilo jambo lililo mbele yangu leo. Unakwenda kuanza masomo magumu ukiamini kwamba akili yako haifanyi kazi bila kifaa cha duka. Siwezi kuiondoa imani hiyo bila kukueleza jambo nililolificha tangu Oktoba iliyopita. Nitalieleza kwa mpangilio wake, nawe uwe na subira nami.

Unamjua Kirimi kama mwenye duka la simu na redio pale Makutano. Mimi namjua tangu tukiwa na miaka kumi na minne. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukakaa katika kibanda kimoja mpaka tulipopona, tukala kutoka chungu kimoja. Sijui kama kizazi chenu bado mnaelewa maana yake. Rafiki unaweza kumchagua, na unaweza kumwacha. Mtu wa rika lako hukumchagua na huwezi kumwacha. Humwulizi kama asemayo ni kweli. Kumwuliza ni kumtukana, na kwa wazee wetu tusi hilo lililipiwa mbuzi. Tena, binti ya mtu wa rika lako ni binti yako. Ni mwiko kumtazama kwa jicho lingine, na akipatwa na shida unasimama mbele kama baba yake mzazi. Ndiyo sababu Kirimi hakuwahi kukuita kwa jina lako. Tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni, alikuita "mwari wakwa", binti yangu.

Mwezi wa Septemba mwalimu wako wa darasa alinipigia simu. Alisema, "Mzee, huyu msichana wako anakaa darasani lakini hayuko. Ukimwuliza swali, anashtuka kama mtu ameamshwa." Niliona aibu kubwa. Mtoto wa mwalimu, katika kidato cha nne, asiyeweza kusikiliza! Sikukuuliza wewe una nini. Nilichukua redio yangu iliyokuwa imeharibika nikaenda nayo Makutano, na wakati Kirimi akiifungua nikamweleza.

Aliinama chini ya meza akaibuka na kile kifaa: mkanda mweusi wa mpira, sponji mbili za kuloweshwa maji ya chumvi, nyaya mbili, na kisanduku chenye betri ya mraba na taa ndogo ya kijani.

"Mwalimu, hii ndio dawa ya hiyo maneno," alisema. "Huko ng'ambo madaktari wanawekea watu. Si sindano, si kupasuliwa. Stima ni kidogo, haiwezi hata kuwasha tochi. Inapita hapa mbele ya kichwa, inaamsha ubongo. Mtu anakaa macho kama paka."

Nilifungua kinywa kumwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuuona ukifanya kazi. Nikakifunga. Aliona, kwa maana ananijua, akaweka mkono begani mwangu.

"Huyo ni msichana wangu pia," alisema. "Naweza kupeana kitu mbaya kwa msichana wangu?"

Kathure, hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na ni kosa ambalo mtu asiye wa huku pengine asingelifanya. Mgeni angeuliza maswali kumi. Mimi, ninayewarudishia watoto insha kwa sababu ya nukta iliyosahauliwa, sikuuliza hata moja, kwa kuwa aliyekuwa akinieleza alikuwa mtu niliyelia naye siku moja tukiwa wavulana.

Siku hiyo nilitoa amri mbili nyumbani. Ya kwanza ilikuwa kwamba kila ukitoka shule, saa kumi na moja jioni, utakaa barazani dakika ishirini ukiwa umevaa mkanda. Ya pili ilikuwa kwamba hutamkama ng'ombe tena saa kumi na nusu alfajiri mpaka mtihani uishe; nitamkama mimi. Amri ya kwanza niliiona kubwa. Ya pili niliiona ndogo, kama adabu tu ya kumpunguzia mtahiniwa kazi.

Mwalimu akipewa dawa hutaka kuona matokeo. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na unajua jinsi kiwanda chetu kinavyoukataa mzigo wenye matunda mabichi. Kuchagua kahawa ni kazi uliyoifanya tangu ukiwa na miaka sita. Basi nilikuwa nikijaza karai matunda mekundu, nachanganya ndani yake mabichi arobaini niliyoyahesabu, kisha ukishavua mkanda nakupa robo saa uyaondoe. Ukimaliza unaingia ndani kusoma, nami nabaki barazani nikihesabu mabichi uliyoyaacha, na kuandika nambari katika daftari kwa wino mwekundu. Wewe hukuziona nambari hizo. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu ndilo lililonipa nafasi.

Siku ya kwanza uliacha kumi na matatu. Mwisho wa juma la pili uliacha matano. Nilifurahi kama mtu aliyegundua nchi mpya.

Lakini kabla ya kufika huko, siku ya tatu, ulisema, "Baba, hii kitu inaniwasha."

Sikuinua macho. Nilikujibu, "Kitu hiki kinaniwasha."

"Kitu hiki kinaniwasha," ukarudia.

Nikasema, "Vizuri," nikaendelea kuandika tarehe. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi kuliko mambo mengi mazuri niliyowahi kuyafanya. Sentensi ilisahihishwa, na mtoto akaendelea kuwashwa.

Jumapili ya mwisho wa juma hilo la pili, baada ya ibada, wazazi wa watahiniwa walikutana nyuma ya kanisa. Nilikwenda na daftari. Nilisimama mbele yao kama nilivyosimama mbele ya watu maisha yangu yote, nikawasomea nambari. Unamkumbuka mama yake Mwenda, yule mwenye maneno mengi?

"Mwalimu, na wazee wanaweza kuvaa?" aliuliza. "Huyu bwanangu husahau hata mahali nyumba iko. Nikimfunga hiyo kitu labda atafika mapema."

Watu walicheka mpaka mchungaji akatokeza kichwa dirishani. Bwana yake akajibu, "Mimi sisahau. Nakumbuka wewe ndiwe uko kwa nyumba, ndio nachelewa." Wakacheka zaidi. Katika vicheko hivyo mzee mmoja wa kanisa akasema, "Mwalimu akisema ni tano, basi ni tano. Mimi sihitaji kuona." Juma lile lile familia nne zilikwenda Makutano kwa Kirimi. Hawakuuamini mkanda, hata jina lake hawakulijua. Waliniamini mimi.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu imekuwa nzito tangu asubuhi.

Jumatatu iliyofuata nilifanya jaribio lingine. Usidhani nilikuwa na shaka. Ningekuwa na shaka ningestahili sifa kidogo. Nilifanya kwa majivuno. Nilitaka daftari liwe na kurasa mbili, mmoja wa siku za umeme na mwingine wa siku zisizo na umeme, ili wazazi waone jinsi unavyoanguka unapoukosa. Nilikifungua kile kisanduku kwa ncha ya kisu, nikaufungua waya unaopeleka umeme kwenye sponji, nikakifunga tena. Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Wewe hukuambiwa neno. Siku tano ulikaa barazani na mkanda kichwani, sponji zimelowa maji ya chumvi, na umeme haukupita hata chembe.

Jumatatu uliacha mabichi manne. Jumanne matatu. Jumatano, ukiwa umekaa na mkanda ule usio na chochote ndani yake, ulisema, "Leo inachoma kidogo, Baba." Nilikutazama nikashangaa, kwa maana hapakuwa na kitu cha kukuchoma. Siku hiyo uliacha matatu tena. Alhamisi mawili. Ijumaa uliacha moja.

Moja, Kathure. Umeme ulipokuwapo hukuwahi kufika moja.

Nilikaa barazani na lile tunda bichi kiganjani. Jibu lilikuwa mbele yangu, na lilikuwa rahisi kama hesabu za darasa la pili. Ulikuwa ukiendelea vizuri kwa sababu ulikuwa unaizoea kazi, na kwa sababu nyingine ambayo wakati huo sikuiona. Mkanda haukuhusika. Nilichotakiwa kufanya ni kuingia ndani, kukuambia hivyo, na Jumapili kuwaambia wazazi.

Nilifikiri juu ya wale wazazi. Nikafikiri juu ya yule mzee aliyesema hahitaji kuona. Nikajiona nikisimama pale pale nyuma ya kanisa kusema nimekosea, mimi ambaye nusu ya wanakijiji hunyamaza ninapopita wasije wakakosea kuzungumza. Na nikafikiri juu ya Kirimi, kwamba kusema mkanda ni bure ni kusema mtu wa rika langu ni mwongo.

Niliuchana ukurasa ule nikautia jikoni ukaungua. Nikaandika ukurasa mwingine, kwa wino ule ule: tisa, kumi, kumi na moja, kumi, kumi na mawili. Kisha nikachukua kisu nikaurudisha waya mahali pake.

Si hayo tu. Jumamosi asubuhi nilikuita, nikakuonyesha ukurasa wa uongo. Nilikuambia, "Tazama. Juma hili betri ilikuwa imekwisha bila sisi kujua. Ona ulivyoanguka." Nakumbuka ulivyousoma. Uligusa paji la uso wako kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa kidonda, ukaniuliza, "Kwa hivyo kichwa yangu yenyewe ni mbaya?" Sikukusahihisha lugha siku hiyo, wala sikukujibu. Nilisema, "Nenda kasome."

Ndipo lilipotoka neno "sifuri" ulilomwambia Wawira. Hukulizua. Lilitoka kwenye ukurasa huo, na ukurasa huo niliuandika mimi.

Na ile alama iliyo mwanzo wa nywele zako, unayoifunika kwa kilemba? Ilikuja majuma mawili baadaye, siku ambayo sponji ilikauka upande mmoja nami sikuangalia. Ulipiga kelele mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Aliniuliza mbele yako, "Mwalimu, una uhakika na hiki kitu?" Nikajibu, "Nina uhakika." Kwa hiyo, alama ile haikutoka wakati baba yako alikuwa hajui. Ilitoka wakati alikuwa anajua. Nimeyaandika maneno haya mara tatu katika karatasi nyingine nikijaribu kuyalainisha, na hayalainiki.

Matokeo yalipotoka tulichinja mbuzi. Kirimi alikuja, akakukumbatia, akasema mbele ya watu wote, "Mwari wakwa ametutoa aibu!" Wewe ulitabasamu. Mimi niligawa nyama.

Mwezi wa Februari mama yako alitaka alama ile itazamwe, tukaenda kwa daktari mmoja mwanamke mjini Embu. Alikupa mafuta ya kupaka, nanyi mkatoka kwenda kuyanunua. Mimi nilirudi ndani nikafunga mlango. Nilimweleza habari ya mkanda, si habari ya ukurasa. Hakunifokea. Alinitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu lisilo sahihi kutoka kwa mwenzake.

Alisema jambo hili si la kubuniwa. Ziko hospitali zinazotumia umeme au sumaku juu ya kichwa, bila kukipasua, kuwatibu watu wenye huzuni nzito isiyosikia dawa, na hufanya hivyo kwa vipimo, kwa mikono iliyofunzwa, na kwa ridhaa ya mgonjwa. Ama kumwongezea umakini mtu mwenye afya, wako watafiti walioona faida ndogo, na wako wasioona kitu. Kinachomfaa mmoja hakimfai mwingine, na mara nyingi ni vigumu kutofautisha kazi ya umeme na kazi ya mazoea au matumaini. "Hata kuwashwa," alisema, "kunaweza kumpata mtu bila umeme wowote, akijua tu kwamba amevalishwa." Kisha akaniuliza swali moja.

"Mzee, huyo msichana alikuwa akilala saa ngapi?"

Nilianza kuhesabu. Miaka mitatu ulikuwa ukiamka saa kumi na nusu alfajiri kumkama ng'ombe kabla ya kutembea kwenda shule. Ulikuwa ukisinzia darasani, basi. Mwalimu wako alisema unashtuka kama mtu aliyeamshwa, na ndivyo ilivyokuwa: alikuwa anakuamsha. Majuma yale ulilala kwa sababu mimi ndiye niliyekama. Amri yangu ndogo ndiyo iliyokufaa.

Siku mbili baadaye nilikwenda Makutano. Kirimi alikuwa amefungua simu ya mtu, anapuliza vumbi. Tulisalimiana, akanisukumia kiti. Gakii, binti yake, alifanya mtihani mwaka mmoja na wewe, kama ujuavyo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwuliza mtu wa rika langu swali.

"Gakii wako aliuvaa mkanda muda gani?"

Alicheka kabla ya kufikiri. "Gakii? Wee Mwalimu, mimi niweke stima kwa kichwa ya mtoto wangu? Ubongo yake bado inakomaa!"

Kisha akasikia alichokisema. Alishusha ile simu mezani polepole.

"Uliniambia Kathure ni msichana wako pia," nilisema.

"Hayo ni maneno ya wazee, rika langu. Hapa ni duka."

"Nami uliniuzia wapi? Nilikuwa mteja?"

"Usikasirike. Si alipita? Wewe ulisema kanisani ulihesabu. Watu walikuja hapa wakasema, Mwalimu amehesabu."

Nilisimama. Nilimwambia, "Kirimi, umenisaliti." Nililitamka neno hilo taratibu, na mteja mmoja aliyekuwa mlangoni akageuka akaondoka. Kirimi hakuinua sauti. Alinitazama usoni, akasema, "Mimi ni fundi wa redio. Wewe ndiye mwalimu. Si ungepima?"

Nilikuwa nimepima.

Tangu siku ile sijasema naye. Nimebeba uchungu wake miezi yote hii, kula nao, kwenda nao shambani. Mtu uliyelala naye kibandani akakuita ndugu, akamlinda mwanawe dhidi ya kitu anachokiuza kwa mwanao! Nimetaka mara nyingi kumshtaki mbele ya wazee wa rika, na kila nikijiandaa naliona swali lile likingoja: na wewe, ulijua lini? Nikasingizia mvua, nikasingizia mavuno. Nilijifariji kwamba mwenye kosa ni mmoja. Jumamosi, nyuma ya ukuta wa jikoni, faraja hiyo ilikwisha. Kirimi alinidanganya kwa siku moja, tena bila kujua hakika yoyote. Mimi nilikudanganya kwa miezi kumi, nikiwa na hakika mkononi.

Sikuandikii ili uichukie elimu hiyo. Utakuwa muuguzi, na huenda siku moja ukasimama kando ya mgonjwa aliyevalishwa kifaa cha namna hiyo na kikamsaidia kweli. Msaidie akivae. Mweleze kila kitu kwanza, na akisema kinawasha, mvue.

Nimejiuliza kama niutoe mkanda sandukuni kabla hamjarudi. Nilifika hata mlangoni mwa chumba chako. Nikarudi. Nimeamua mambo mengi ya kichwa chako bila kukuuliza, na sitaki la mwisho nililifanye kwa kuiba. Nakuomba usiuvae, kwa sababu ulikwisha kukuunguza mara moja. Lakini uamuzi ni wako. Nambari halisi za juma lile sizihitaji karatasi kuzikumbuka: nne, tatu, tatu, mbili, moja. Hizo ni zako. Ulizipata ukiwa na mkanda uliokufa kichwani, na kichwa kilichokuwa kikifanya kazi ni chako kile kile unachokwenda nacho Eldoret. Ukikiona kinasinzia, kipe usingizi.

Mama yako hajui habari ya ukurasa. Wewe ni wa kwanza. Nikishakujibu wewe nitamwambia yeye, na Jumapili nitasimama nyuma ya kanisa mbele ya zile familia nne. Baada ya hapo nitakwenda kwa wazee kumshtaki Kirimi, na nitaanza kwa kujishtaki.

Nilipoanza kuandika nilikusudia barua hii uisome ukiwa mbali, baada ya gari kuondoka. Nimeona kwamba huo nao ungekuwa ujanja: ungekasirika ukiwa peke yako kati ya wageni, nami ningekuwa hapa nimekwisha kujitua mzigo. Kwa hiyo nitakukabidhi mkononi leo, mkirudi, kabla hatujala. Isome chumbani mwako mpaka mwisho. Mimi ilinibidi nisafiri hadi Makutano ili nimtazame aliyenisaliti nimwambie amenisaliti. Wewe huna haja ya kwenda mbali. Niko sebuleni.

Baba yako